Mapigo Yasiyolingana

Walikutana katika duka la vipuri saa ya watu kubanana, kila mmoja ameshika ncha ya bomba lilelile la shaba, la mwisho.

"Dada, unakwenda kupoza nini?" aliuliza fundi viyoyozi. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Atomi. Mpaka karibu na baridi ya mwisho kabisa."

"Basi mimi na mafriji yangu bado watoto. Chukua."

Mwezi uliofuata fundi huyo ndiye aliyekuja kufunga kiyoyozi katika maabara ya yule dada mtafiti. Mapenzi yakashika kasi. Kila mchana simu ililia.

"Barafu wangu, umekula?"

"Nitakula atomi zikitulia."

"Zikikaidi, nakuja kuzikemea."

Zilikaidi. Mtafiti alizipiga kwa mwanga, pigo baada ya pigo. Mtu angedhani kila pigo lingezidisha joto. Kumbe mapigo yakilingana barabara, baada ya muda atomi hugoma kupokea joto zaidi. Yakipishana hata kidogo, mgomo huvunjika. Zake hazikugoma, joto likapanda. Akatafuta mchawi, akamwona: mtikisiko wa kiyoyozi. Hakumwambia mpenzi wake. Alimwandikia msimamizi wa maabara kurasa mbili, kwa lugha safi, kwamba kiyoyozi kilifungwa vibaya. Kiyoyozi kikang'olewa, fundi akapoteza kazi.

"Hata simu hukunipigia?"

"Hili ni suala la vipimo, si la moyo."

"Haya."

Joto la atomi likaendelea kupanda. Baada ya wiki sita ndipo mtafiti alipokagua saa ya kuratibu mapigo, aliyoipanga kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa ikiyapishanisha. Akairekebisha, na siku hiyohiyo atomi zikagoma. Kwenye skrini mstari wa joto ulilala sawa. Hakuona wa kumwonyesha.

Akampigia.

"Kosa lilikuwa langu. Nimemwandikia msimamizi barua nyingine, nakala kwako, nimekusafisha jina."

"Nimeisoma. Umeandika vizuri."

"Basi rudi, mpenzi."

"Nimeshapanga chumba mji mwingine. Kazi nimeanza. Ila nikuulize. Swichi ya kiyoyozi ilikuwa pale mlangoni. Kwa nini hukukizima hata saa moja, ukapima?"

Jaribio hilo angelifikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Nilikuwa na hakika," alisema.

Upande wa pili fundi alimwambia mtu ashike ngazi vizuri, anapanda sasa hivi. Kisha simu ikakatika.