Tochi Iliyokataa Kupata Joto

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, nilipobonyeza kitufe nikashusha mlango wa karakana ya mjomba, mimi nikiwa ndani.

Nieleze kwa nini, maana baadaye watu waliniuliza kana kwamba nimerukwa na akili. Tochi haipimwi kwenye mwanga. Ukitaka kujua kama duara lake limekaa sawa ukutani, sharti chumba kiwe na giza. Karakana yetu haina dirisha. Ni stoo ya zamani mwisho wa korido, ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, na mlango wake ni wa chuma, wa kuviringika, unaendeshwa na mota. Mjomba, mwenye karakana, alikuwa amekwenda kupimwa macho. Mimi nina digrii ya uhandisi wa umeme na sina kazi ya uhandisi wa umeme, kwa hiyo nilibaki na tochi.

Ilikuwa tochi ya Kanali. Kanali ni mlinzi wa geti letu. Hajawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja, jina alipewa na koti lake. Aliileta mchana, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

“Shikamoo, mzee,” nikasema. “Anaumwa nini huyu?”

“Marahaba, injinia. Anaumwa uzee. Anamulika kama anaona haya. Niwekee taa ya kisasa, ile ambayo mwizi akimulikwa anakumbuka jina la mama yake.”

“Uliipata wapi? Hizi hazitengenezwi tena.”

“Urithi. Mlinzi aliyekuwepo kabla yangu aliniachia tochi, kiti na mende.”

Mwili wake ulikuwa wa shaba, mzito kama mchi. Ndani mlikuwa na balbu ya waya, ndogo kuliko njugu, na kioo mbele yake kilikuwa kimegeuka kahawia kwa kuunguzwa. Balbu za namna hiyo hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Mwanga ni makombo tu. Nikaitoa. Nikachonga kipozajoto, kipande cha alumini chenye mapezi, nikakipaka grisi nyeupe, nikabandika juu yake LED ndogo kama punje ya mtama. LED hupata joto kidogo, na hilo kidogo alumini hulibeba na kulitawanya. Nikaweka na betri mpya. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimeondoa upotevu karibu wote.

Basi nikashusha mlango, nikaiwasha.

Duara jeupe likatua ukutani, safi, bila kovu. Nikagusisha waya wa kipimajoto kwenye alumini. Kwa hesabu zangu ingepanda polepole hadi nyuzi hamsini, kisha itulie.

Ishirini na saba.

Ishirini na tano.

Ishirini na moja...

Nikadhani kipimajoto kimeharibika. Nikaubana waya wake kwa vidole. Kikasoma joto la mwili wangu bila shida. Nikaurudisha kwenye alumini. Kumi na nne. Taa inawaka, umeme unapita, na alumini inazidi kupoa. Hakuna sheria ya fizikia inayoruhusu jambo hilo, na mimi sheria hizo nilizifanyia mitihani.

Ndipo feni ikanyamaza. Umeme wa jengo ulikuwa umekatika.

Nikabonyeza kitufe cha mlango. Nikabonyeza tena. Nikaingiza vidole chini ya ule mlango, nikavuta mpaka kucha ikapasuka. Haukusogea hata unywele.

Nyuma yangu, kwenye meza, kitu kikalia.

Tik.

Alumini ikipoa ghafla husinyaa, hutoa mlio huo. Nilijiambia hivyo. Mapezi yalikuwa yamelowa matone kama jasho, na chumba kilianza kunuka friji iliyozimwa siku nyingi na kufungwa.

Tik... tik...

Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Nikazima tochi ili kuokoa betri.

Giza. Kimya.

Kisha baridi ikanishika kifundo cha mguu.

Haikuwa upepo. Upepo hauna umbo. Hii ilikuwa na upana wa kiganja, na ilipanda taratibu, ikapapasa goti, ikasimama ubavuni penye joto. Hapo ikatulia, kama mtu aliyepata kiti. Nikasikia pumzi ikivutwa. Ikavutwa, ikavutwa. Haikutolewa.

Nikapapasa meza, nikaiwasha tochi.

Ikaniachia. Pole pole, shingo upande, ikarudi mezani. Tik.

Nilielewa kwa mpangilio mbaya, kama mtu anayesoma barua kuanzia mwisho. Kilikuwa kinakula joto. Balbu ya zamani ilikuwa ikikishibisha. Mimi, kwa ufundi wangu, nilikuwa nimekipunguzia chakula. Na ndani ya chumba kile kisicho na dirisha, kilichokuwa na joto kuliko vyote ni mimi.

“Injinia?” Sauti ilipita chini ya mlango. Kanali.

Nikapiga magoti, mdomo karibu na sakafu. “Mzee, nifungulie.”

“Umejifungia kama kuku anayetaka kutaga? Umeme umekwenda. Mpini wa kuzungushia mota anao msimamizi wa jengo.”

“Mfuate. Tafadhali. Lakini kwanza niambie... yule aliyekuachia tochi, alikuwa anaifanyia nini?”

Nilisikia viatu vyake vikikwaruza sakafu.

“Anaiwasha tu. Mchana, jua linaunguza lami, yeye kaiwasha, kaipakata. Tukamcheka sana. Akasema ana mgeni anasikia baridi.”

“Mgeni gani?”

“Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, huyu si wa kufukuzwa, ni wa kuwashiwa moto aote. Alirogwa na ndugu yake, au alimwokota mahali huyo mgeni, hakusema.” Akashusha sauti zaidi. “Alikutwa kwenye kiti, mwanangu. Betri zimekwisha. Daktari akadhani mwili umetolewa kwenye barafu.”

Nyuma yangu mwanga ukanywea, ukarudi.

“Kimbia, mzee,” nikasema.

Viatu vikaenda. Nikabaki na tochi inayokufa, maana hata betri mpya ikishikwa na baridi kali huishiwa nguvu.

Mikono ya fundi inajua droo zake. Nikatoa rezista kubwa za kauri. Rezista haina kazi nyingine duniani ila kugeuza umeme kuwa joto. Nikatoa betri za simu mbovu, nikafunga waya, nikaweka ya kwanza mwisho wa meza, mbali nami. Ikaanza kunuka rangi inayoungua. Ikawa moto wa kutoshikika.

Nikasubiri.

Tik, tik, tik... mlio ukahama. Ukatoka kwenye tochi, ukavuka meza, ukafika pale. Harufu ya kuungua ikakatika kama imekatwa kwa kisu.

Nikafunga ya pili. Kilikuwa na njaa ya muda mrefu; kila moja kiliimaliza upesi kuliko iliyotangulia. Tochi ikazimika. Nilifanya kazi gizani kwa vidole tu, nikijichoma, nikishukuru kila nilipoungua. Niliwaza mama, anayenisubiri na chakula kimefunikwa. Niliwaza kitanda ninacholala na mdogo wangu, jinsi anavyojibana mgongoni kwangu akisikia baridi.

Betri ya mwisho ilikuwa imevimba. Nikaifunga hivyo hivyo.

Nje, chuma kikakwaruza. Mpini. Mlango ukainuka shubiri moja, ukakwama. Mwanga wa jioni, hafifu, ukaingia chini kutoka koridoni pamoja na mkono.

“Leta mkono, mwanangu, pita chini. Leta.”

Nikalala chali, nikaanza kusukuma mwili. Nyuma yangu rezista ya mwisho ililia mara moja, ikanyamaza. Nikaisikia baridi ikishuka mezani. Ikapita juu ya miguu yangu, tumbo, uso. Nikafumba macho.

Ikanipita.

Mkono wa Kanali ulikuwa umetoka kuzungusha mpini. Ulikuwa na joto kuliko mwili wangu.

Alinivuta mpaka koridoni, akaniketisha, akanicheka kidogo ili nisilie. Kisha akaanza kukunja na kukunjua vidole vyake. “Mpini ule,” alisema, “umenitia ganzi.” Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Nikaenda nyumbani. Usiku ule mdogo wangu aliniambia nina joto zuri.

Asubuhi nilifika jengoni kabla ya mjomba. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikachaji tochi, nikaiwasha, nikagusisha kipimajoto. Ikapanda vizuri, ikatulia karibu na hamsini, kama nilivyopiga hesabu tangu mwanzo. Tochi nzuri kabisa. Haikuwa na mtu.

Nikatoka getini.

Watu walikuwa wanapita wamekunja mikono ya mashati, wanajipepea kwa bahasha. Kanali alikuwa kwenye kiti chake, koti limefungwa mpaka kidevuni, ameketi ndani ya mchirizi wa jua unaopenya kati ya majengo mawili. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

“Injinia,” akasema. “Baridi ya leo si mchezo, eh?”

“Si mchezo, mzee.”

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na hakuna hata moja lililokuwa na faida kwake. Nikaleta kiti kingine. Nikauchukua mkono wake wa kulia, nikauweka kati ya viganja vyangu, nikakaa naye.

Jua halikai mahali pamoja. Mchirizi ulipohama nilimwinua, nikasogeza kiti chake, kisha changu. Ukahama tena, mwembamba zaidi. Nikasogeza. Upande jua linakoelekea, sasa palikuwa pamebaki upana wa mtu mmoja, halafu ukuta.