Maharagwe Ambayo Jaji Hakuyaonja

Kila asubuhi Ardis aliokota mayai kabla ya kunywa kahawa. Leo hakufika hata kwenye kiota cha pili. Mumewe, Merle, aliingia uani na gari, akitoka kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo la Iowa. Mkononi alishika chupa ya maharagwe machanga ambayo Ardis aliyapika na kuyafungia humo yasiharibike, yakashindanishwe huko. Kifuniko hakijaguswa.

"Hawakuonja hata kidogo?" Ardis aliuliza.

"Hawakufungua. Na utepe wa bluu wa mshindi kaupata jirani yetu Delores. Tena."

"Tena! Si ndiye anayekunywa kahawa na majaji? Hapa kuna mkono wa mtu."

Chupa nyingine za maharagwe hayo zilikuwa sandukuni tayari, zipelekwe kwa binti yao Karin, aliyejifungua juzi.

Mchana Delores akabisha hodi. Amekuja kuringa, Ardis aliwaza. Au kupeleleza.

"Karibu, bingwa," alisema, bila kusogea mlangoni.

"Nidhihaki baadaye, jirani. Uliyachemsha kwenye sufuria la kawaida?"

"Unataka siri yangu?"

"Nataka uwe hai."

"Mama yangu alifanya hivyo, na hakufa mtu!"

"Alibahatika. Maharagwe hayana uchachu wa kuyalinda kama achari. Kuna kijidudu kisichokufa kwa maji yanayochemka. Ndani ya chupa iliyofungwa hutoa sumu. Huioni, huinusi. Sufuria la presha ndilo lenye joto la kukiua. Jaji akisoma kwenye lebo kuwa hukulitumia, haonji."

"Kwa hiyo maonyesho ni ya kututia aibu?"

"Ni shule, Ardis. Babu zetu walikuja kwa magari ya farasi, wakalala mahemani, ili waone jembe jipya, mbegu bora, ng'ombe wa maziwa mengi. Utepe ni chambo tu. Hata mimi nilijifunza kule, siku maharagwe yangu yalipokataliwa."

Ardis alilitazama sanduku la Karin. Akasogea mlangoni, akampisha Delores aingie.

Walizitia chupa zote kwenye mifuko ya taka bila kuzifungua, wakazitupa pasipofikiwa na kuku. Kesho yake Delores alileta sufuria lake la presha, akamfundisha kusoma kipimo chake. Karin alipelekewa maharagwe mapya, akala, akaagiza mengine.

Walipokuwa wakipika hayo mengine, mvuke ukifoka, Ardis alisema bila kuinua macho:

"Miaka yote hii nimekusengenya, Delores. Kumbe nilikuwa nangoja uniite tupike pamoja."