Koki Namba Mbili

Sindano ya geji ya hewa ilisimama kwenye nane Ragnhild aliposhuka majini. Dakika nne baadaye ilikuwa saba. Ilirudi nane, ikashuka hadi tano.

Asbjørn, baba yake, aliuvuta mpira wa hewa mara tatu, ishara yao ya kupanda juu. Kazi yake katika mashua hiyo, kwenye ghuba ya kisiwa cha Frøya, ilikuwa kuchunga kompresa inayompelekea binti yake pumzi, mita kumi na tano chini, anakookota chaza.

"Nini tena, baba?" Ragnhild aliuliza, ameshika ngazi.

"Hewa."

"Hewa ilikuwa safi."

"Panda."

Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Walirudi gatini.

Fundi Eldar alifika baada ya chakula cha mchana. Alifungua chujio, akakaza mkanda, akakagua ringi za pistoni na vali.

"Kompresa yako ni kama wewe, mzee," alisema. "Inapumua kwa shida lakini haifi."

"Fanya kazi, Eldar. Mdomo wako haulipwi."

Eldar alijaza tangi hadi nane, akazima injini, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Penye tundu, sabuni hutoa povu. Hakuna kiungio kilichotoa povu. Sindano ikashuka kidogo, ikatulia, ikashuka, ikatulia.

"Kama mtu anavuta pumzi," Ragnhild alinong'ona.

Eldar aliinamia koki namba mbili, ya mpira wa mzamiaji wa pili. Ilikuwa imefungwa, na mdomo wake umezibwa kwa kizibo cha shaba. Hapakuwa na mpira uliofungwa hapo kwa majira matatu ya baridi. Sabuni aliyoipaka ilikuwa inaingia ndani. Alipaka tena. Ikaingia tena, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefyonza kahawa ya moto, na harufu ya mwani uliooza ikapanda kutoka kwenye shaba.

Kisiwa kizima kilijua namba mbili ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Jostein, kaka yake Ragnhild, aliyefia chini ya ghuba hiyo. Rafadha ya mashua iliyokuwa ikipita, watu waliambiwa, iliukata mpira wake. Watu wa pwani hiyo wana jina la aliyezama asiyetulia, na hawalitaji ndani ya mashua. Eldar hakulitaja. Alikusanya spana zake.

"Hii siyo kazi yangu, mzee."

Akaondoka bila kunywa kahawa, jambo ambalo kisiwani watu hulikumbuka miaka.

Saa tisa na nusu alasiri, kama kawaida ya majira ya baridi huko kaskazini, mwanga ulikuwa unaisha. Ragnhild alikuwa akikunja mpira wake.

"Kesho nazamia."

"Huzamii."

"Eldar hakupata tundu lolote."

"Ragnhild, huzamii na kompresa hii. Atakumalizia hewa."

"Nani?"

Asbjørn alikaa juu ya kreti. Akamweleza, kwa sauti ambayo Ragnhild alilazimika kusogea ili aisikie, kwamba siku ile mpira wa Jostein haukukatika bali ulipasuka tu, hewa ikawa inamwagika, sindano ikawa inaporomoka kwa wazamiaji wote wawili, na yeye, aliyefundishwa na baba yake kwamba koki ya mzamiaji haifungwi mpaka mzamiaji mwenyewe atoe kichwa na kusema niko juu, alifunga namba mbili ili namba moja, ya Ragnhild, ipate hewa, kisha wakati Ragnhild anapanda ngazi akachukua kisu akamaliza kuukata.

"Mpira ulikuwa unavutwa," alisema. "Mara tatu. Halafu mara tatu tena."

Ragnhild aliuacha mpira chini. Alichukua spana ya mashuani, akakilegeza na kukitoa kizibo cha shaba, na kabla baba yake hajasimama alikuwa ameifungua koki yote. Hewa iliyobaki tangini ilipaswa kutoka kwa kishindo. Haikutoka, bali glavu yake ilinaswa kwenye mdomo wa koki na kushikiliwa pale, ikinyonywa na kulegezwa, ikinyonywa na kulegezwa, huku sindano ikienda nne, mbili, sifuri, na glavu ikaachiliwa, na kwa muda hapakuwa na sauti yoyote ghubani, wala ndege wala maji kwenye nguzo za gati, kisha wote wawili wakaona, mkanda ukiwa umetulia na injini ikiwa baridi, sindano ikianza kupanda, moja, tatu, sita, kwa mapumziko yale yale, kama kuna aliyekuwa anatoa sasa pumzi zote alizovuta.

Ilipita nane. Ilipita kumi, ikaingia kwenye rangi nyekundu, na vali ya usalama haikufunguka. Bati la tangi likaanza kulia kama linalotaka kupasuka.

Asbjørn akaishika koki aifunge.

"Usiifunge tena, baba," Ragnhild alisema.

Asbjørn akaiachia, tangi likizidi kulia.