Maswali Manane ya Kushoto na Kulia

— Manane! Maswali manane, Profesa, na yote umenifundisha wewe!

Daktari alizitupa karatasi za jaribio juu ya meza ya chumba cha eksirei. Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa daktari wa meno kama yeye, kwenye kliniki hiyo hiyo, ila kwa kupenda kwake kufundisha, watu walishambatiza jina hilo. Alikuwa pia mchumba wake. Kwa miezi minne, kila mchana, walijiandaa pamoja kwa mtihani wa kuingia masomo ya ubingwa wa eksirei za meno. Mtihani ulikuwa Jumatatu, na nafasi ilikuwa moja tu.

— Jino limeoza kulia, nimeandika kushoto. La kushoto, nimeandika kulia. Ningekuwa na koleo mkononi ningeshang'oa meno mazima manane!

— Tulia, mpenzi. Hebu nione.

— Mpenzi nani? Nafasi ni moja na wewe unaitaka. Nesi wetu aliniambia mapema, kikulacho ki nguoni mwako!

Akaubamiza mlango. Jioni akatuma ujumbe: "Tusitafutane tena. Kila mtu na lake."

Jibu likaja: "Kesho saa nne, chumba cha eksirei. Dakika tano tu. Ukitoka bado na hasira, sitakusumbua tena."

Aliapa haendi ng'o. Saa nne kasorobo alishafika.

Profesa alimsogezea karatasi.

— Hili ni jaribio langu mimi. Hesabu niliyokosa.

Akahesabu. Manane. Yale yale, na kosa ni lile lile.

— Na wewe?

— Na mimi. Ikabidi nimpigie mwalimu wangu, yule mzee wa chuo.

Akachukua filamu ndogo ya jino, akaupitisha ukucha kwenye kinundu kilichotuna pembeni.

— Hiki huwa nakielekeza wapi?

— Kwenye taa.

— Ndivyo mzee alivyonifundisha. Ukiipanga hivyo, unatazama meno kama mtu aliyeketi juu ya ulimi wa mgonjwa. Sasa ananiambia siku hizi kinundu kinakuelekea wewe, kama umesimama mbele ya mgonjwa. Kulia kwake ni kushoto kwako. Hapa kliniki kompyuta inatupangia picha yenyewe, ndiyo maana hatukugundua. Mtihani bado unatumia filamu.

— Kwa hiyo miezi minne umeniketisha juu ya ndimi za watu?

— Tuliketi wote. Mbona palitutosha?

Daktari alitaka kuendelea kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka mpaka akashika meza. Kilipokwisha, aibu ikamwingia.

— Nisamehe. Nimekuhukumu kwa maneno ya kuambiwa.

— Nimekusamehe. Lakini iliniuma, sikufichi.

— Najua. Vuta kiti, tugeuze filamu zote.

Wakazigeuza, moja baada ya nyingine, hadi mgonjwa wa saa sita alipobisha hodi.

Wiki tatu baadaye simu ya Daktari iliita. Alikuwa Profesa.

— Umeona majina?

— Naogopa kuangalia.

— Ni wewe! Umepata! Mimi ni wa pili, umenizidi alama moja.

Daktari alipiga ukelele, kisha akaanza kupiga hesabu. Alama moja. Na yale maswali ya kushoto na kulia yalikuja sita.

— Ungekaa kimya siku ile, nafasi ingekuwa yako.

— Ndiyo.

— Ulilijua hilo?

— Nililijua tangu nilipokata simu ya mzee. Ndipo nikakutumia ule ujumbe.

Machozi yalimtoka. Hakuna aliyewahi kumpenda hivyo, na yeye alikuwa amemwita adui.

— Sasa kilio cha nini? Mama yako yupo nyumbani Jumamosi?

— Yupo. Kwani vipi?

— Nataka kuja na mjomba wangu.

Daktari alijifuta pua kwa kiganja, daktari mzima.

— Mwambie mjomba asichelewe.