Mgeni wa Juzuu ya Kwanza

Jua lilikuwa linazama Mwandishi alipolishusha boksi la vitabu begani na kuliweka kwenye ngazi za benki iliyokwisha kufungwa. Alitaka kupumzika kidogo tu. Bega lilikuwa linamwaka moto, kiatu kimoja kilikuwa kimeanza kuachama mbele, na duka la vitabu alikokuwa akienda lilikuwa bado mtaa mzima mbele. Jina hilo la Mwandishi alipewa na majirani, kwa namna ileile mtoto mtundu anavyoitwa mheshimiwa. Mchana alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Jioni alitunga hadithi za majini na za dunia ambazo bado hazijafika, na shangazi zake walikuwa na hakika kwamba hadithi hizo ndizo zinazomfukuzia wachumba.

Sasa kitabu kilikuwa kimetoka. Hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa mkusanyiko wa waandishi sita, wote wachanga, wote hawajulikani hata na wauza maziwa wao. Na kwa kuwa hakuna anayekimbilia kitabu cha watu wasiojulikana, walikuwa wamegawana maduka, shule na vilabu vya wasomaji, kila mtu na boksi lake, wakizunguka kukinadi. Mwandishi alikuwa amekinadi mpaka maneno yakaanza kumkinai mwenyewe. Alitabasamu kwa watu walioshika kitabu, wakakigeuza, wakakinusa, kisha wakauliza choo kiko wapi.

Yote hayo angeyavumilia, lau nyumbani kungekuwa shwari.

Mama yake alikuwa hasemi. Juma lilelile kitabu kilipotoka, sauti yake ilianza kukwaruza, ikafifia, ikazimika kabisa. Daktari alimmulika koo akasema ni zima. Mama huyo, ambaye zamani akimwita mtu ndani ya nyumba, majirani watatu huitika, sasa alikuwa akiita watoto wake kwa kupiga makofi, na kila akipiga alitazama chini kwa aibu. Mwandishi hakuwa na hofu nyingine inayoifikia hiyo. Alikuwa anaogopa kwamba hatamsikia tena mama yake.

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu, mmoja wa wale sita, aliyefundisha shule ya msingi na kuandika wanafunzi wakishalala.

"Dada, uko peke yako?"

"Niko na boksi langu. Sema."

Mwalimu alinong'ona kama mtu aliyejificha chini ya meza. "Kaka yangu hatembei. Miguu haina ugonjwa wowote, lakini amesahau. Anaitazama kama ni ya mtu mwingine."

"Pole jamani. Tangu lini?"

"Tangu kitabu kitoke... Nimempigia Mhariri. Mke wake hana harufu. Usicheke."

"Sicheki."

"Mtoto wao mchanga anamkataa. Akibebwa na mamake analia kama kashikwa na mtu baki. Mhariri anasema amemnusa shingoni mke wake mwenyewe, na ni kama kunusa glasi ya maji. Dada... wewe ulitoa nini?"

Mwandishi akaketi kwenye ngazi. Alilielewa swali lile mara moja, na alitamani asingelielewa.

Hadithi kubwa ya kitabu waliiandika kwa kupokezana. Mmoja alianza, akamwachia mwenzake, naye akamwachia mwingine. Ndani yake alikuwamo Mgeni, mwanamke anayebisha hodi kwenye nyumba za watu jioni. Mhariri, mmoja wao aliyekusanya hadithi zote, alikuwa ameweka sharti moja. Hakuna kubuni. Viumbe vya kubuni, alisema, vinanuka wino. Kila mwandishi amletee Mgeni kitu kimoja cha kweli, kutoka kwa mtu aliye hai anayempenda. Mwalimu akaleta mwendo wa kaka yake, ule wa kuburuta kisigino. Mhariri akaleta harufu ya mkewe, sabuni ya kufulia na mdalasini. Wengine wakaleta mikono, macho, tabasamu. Mwandishi akaleta sauti ya mama yake, pamoja na lile swali analotanguliza kila siku kabla ya salamu. Siku ile walifurahi sana, wakapongezana kama waliofunga bao. Hakuna aliyekumbuka kwenda kuomba ruhusa kwa wenyewe. Watu wanaoandika huchota tu, na wakikuona unanuna wanakuandika na kununa kwako.

"Nilitoa sauti," alisema.

Mwalimu alivuta pumzi ndefu. "Basi usimsome leo. Mimi naona kila tukimsoma mbele za watu, ndivyo anavyozidi... Ngoja. Kaka ameanguka." Simu ikakatika.

Mwandishi alilibeba boksi lake akaenda. Afanye nini, na viti vimeshapangwa?

Mwenye duka, mzee aliyeitwa Baba Karatasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiwa hana karatasi mkononi, alimpokea kwa furaha ya mtu aliyekuwa ameanza kukata tamaa. Viti vilikuwa vimejaa nusu. Kulikuwa na mke na mume waliogombana njiani na bado hawajamaliza, muuguzi mmoja aliyevaa sare yake, wastaafu kadhaa, na jamaa mmoja aliyekuja kwa ajili ya soda.

"Leo sitasoma ya Mgeni," Mwandishi alimnong'oneza mzee.

"Lakini tangazo mlangoni linasema Mgeni."

"Baba, nakuomba. Nisome nyingine."

Mzee alimtazama usoni, akaona kitu, akakubali.

Akasoma hadithi ya mashine iliyojifunza kuomboleza. Alisoma vibaya, kwa sauti bapa, macho yakiruka mistari. Alikuwa amefika katikati aliposikia kitu nyuma ya viti.

Shhh... tap.

Kisigino kikiburutwa sakafuni.

Shhh... tap. Shhh... tap.

Hakuinua macho. Aliendelea kusoma, kidole kikifuata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha harufu ikamfikia. Sabuni ya kufulia. Na nyuma yake, mdalasini. Yule muuguzi alinusanusa, akatazama kulia na kushoto. Jamaa wa soda alihamia kiti cha mbele bila kujua kwa nini amehama.

Kiti cha mwisho kikalia. Mtu alikuwa amekaa.

Mwandishi alimaliza hadithi, au aliiacha, hata yeye hakujua. Watu walipiga makofi ya heshima. Baba Karatasi akauliza kama kuna mwenye swali, na kule nyuma mkono ukainuka. Ulikuwa mkono mzuri, wenye vidole virefu.

"Mwanangu," ilisema sauti, "umekula?"

Watu wakacheka kwa upole, wakidhani ni mama yake kweli, amekuja kumuunga mkono. Mwandishi alishika meza. Ilikuwa sauti yenyewe, na ukali wake mdogo na mapenzi yake yote, sauti aliyokuwa akiilalia akiwa mdogo. Alikuwa ameililia siku nyingi, na sasa alipoisikia alitaka kukimbia.

Wasikilizaji wakaondoka. Mke na mume walinunua nakala, wakagombania nani aanze kuisoma. Baba Karatasi akaenda stoo kufunga madirisha. Alibaki yeye, rafu za vitabu, na aliyekaa kiti cha mwisho.

Alisogea. Uso wa mwanamke yule haukuwa na kasoro hata moja, ila hakuna kilichofanana na mwenzake. Macho yalikuwa ya mtu mmoja, tabasamu la mtu mwingine, na mtu wa tatu, mwenye uso wenyewe, hakuwepo.

"Rudisha," Mwandishi alinong'ona.

"Sikuiba, mwanangu. Nililetewa."

"Ni ya mama yangu."

"Najua." Mgeni aliinamisha kichwa. "Mbona mliniacha mlangoni?"

Ilikuwa kweli. Hadithi yake iliishia Mgeni akiwa amesimama mbele ya mlango wa mwisho, mkono juu, kabla hajabisha. Walifanya makusudi. Mhariri aligonga meza kwa furaha akasema watu watanunua juzuu ya pili ili wajue nani atafungua. Juzuu ya pili haikuwa na neno hata moja lililoandikwa. Nani angekuwa na nguvu ya kuiandika?

"Nimesimama pale tangu mlipofunga kitabu," Mgeni alisema. "Hapa nimekaa, lakini na pale nimesimama. Mkono umekufa ganzi. Kila mkinisoma nainuka tena, navuta tena vya watu ili nisianguke. Nimechoka, mwanangu."

Mama yake hakuwahi kusema amechoka, hata siku alizochoka. Kulisikia neno lile kwa sauti ile kulimvunja Mwandishi kuliko hofu yote. Machozi yakamtoka.

"Nikikumalizia, utarudisha?"

"Ukisema nimerudisha, nitakuwa nimerudisha. Si ndio kazi yako?"

Akavuta kiti, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. Hakuwa na kalamu. Alisimulia tu, kama zamani walivyosimuliwa taa zikizimwa.

"Mgeni akashusha mkono. Hakubisha. Akageuka, akaenda kwa kaka yake Mwalimu, akamrudishia mwendo wake."

Chini ya kiti, miguu ya Mgeni ikatulia kama viatu vilivyovuliwa.

"Akaenda kwa mke wa Mhariri, akamrudishia harufu yake."

Mdalasini ukaondoka. Hewa ya duka ikabaki ya karatasi na vumbi.

Akaendelea. Mikono, macho, tabasamu. Kila alipotaja, kitu kikafutika, mpaka akawa anazungumza na uso ambao jicho liliteleza juu yake, halikupata pa kushika. Sauti ilibaki mwisho.

"Na mimi je?" sauti ikauliza kutoka pale pasipo na mdomo wa kueleweka. "Baada ya hapo nakwenda wapi?"

Hapo ndipo mtunzi makini angetulia akafikiri. Angempeleka baharini, au angani, au angemgeuza moshi. Lakini Mwandishi alikuwa mbioni tangu asubuhi, mapokezi kwanza, barabarani, kisha hapa, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, kitanda chake. Alikisema.

"Akarudisha sauti kwa mwenyewe. Kisha akaenda kitandani, akajilaza, akapumzika. Imekwisha."

Kiti kilikuwa kitupu.

Baba Karatasi alitokea stoo na funguo zake. "Unaongea na nani?"

"Na msomaji."

"Kanunua?"

"Hapana."

"Ndivyo walivyo," mzee alisema, akazima taa ya nyuma.

Alikuwa hajafika barabarani kaka yake alipopiga simu. "Njoo nyumbani. Mama anasema. Anasema na hanyamazi." Nyuma yake ilisikika sauti ikigomba kwamba simu ni yake, apewe. Mwandishi aliegemea ukuta akalia kwa kwikwi, na wapita njia wakampisha. Ujumbe wa Mwalimu ukaingia hapo hapo: kaka amesimama, anazunguka nyumba, hataki kukaa. Boksi la vitabu alilisahau dukani na hakurudi kulichukua. Alikwenda nyumbani karibu akikimbia.

Mama alikuwa sebuleni, shuka mabegani, sauti imejaa chumba. Walikumbatiana muda mrefu. Mama alikuwa na malimbikizo ya siku zote zile, akayatoa bila mpango: jirani aliyerudisha sufuria imetoboka, daktari aliyemshika koo kwa mikono ya baridi, mtoto wake wa kiume anayeosha vyombo kwa kuvitisha tu. Mwandishi alicheka huku amelaza kichwa mapajani mwake. Angeweza kumsikiliza mpaka asubuhi.

"Na mwenzako mbona hukuniambia anakuja?" mama akauliza.

"Mwenzangu gani, mama?"

"Huyo aliyekutangulia. Mmoja wenu wa kitabu, nadhani. Mpole huyo. Sikusikia hata hatua zake. Nikamuuliza jina, hakujibu, nikajua mtu kachoka. Nimemwambia aende chumbani kwako akajinyooshe."

Mwandishi aliinua kichwa taratibu. Akamtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa akisugua mikono.

"Mimi ndiye niliyemfungulia," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ukiniuliza sura yake... siikumbuki. Hata alivaa nini sijui."

Ukumbini kulikuwa na giza. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Ndani, kitanda kikalia, taratibu, kama mtu anapojigeuza.

Alijaribu kutunga mwisho mwingine pale pale alipokaa. Mgeni akaamka, akaaga, akaenda zake. Alisogeza midomo, akanong'ona, akarudia. Haukushika. Alikuwa ameshasema imekwisha, na aliyasema maneno hayo mbele ya Mgeni mwenyewe.

Mama alikuwa ameshaenda kuchungulia, kwa vile hakuna aliyemwambia asiende. Alirudi akijifunga shuka vizuri, uso umejaa huruma.

"Kalale na wewe, mwanangu, macho yamekuwa mekundu. Na wala usihofu nafasi," alisema, kwa ile sauti yake nzuri, nzima. "Amesogea. Amekuachia upande wa ukutani."