Karo Lililokohoa

Karo la jikoni kwa Lazhar lilikohoa mchana kweupe, na lilikohoa kitoto.

"Mabomba haya ni wazee wenzangu," Lazhar akatania. "Hata mimi nikiinama nakohoa, na hakuna anayeniitia mganga."

Mkewe, Mongia, hakucheka. Alikuwa ameshika sufuria ya maji ya kuskusi yanayochemka, na kama wanawake wote wa mji wao wa pwani, Gabès, hakuyamwaga kabla ya kuliinamia karo na kuwanong'oneza majini wa ardhini, "Bismillahi. Pisheni, watu wa chini, maji ya moto haya."

"Mbona huwaulizi kama watoto hawajambo?"

"Cheka tu, baba Emna. Leo tuna wageni."

Wageni walikuwa wamekuja kumposa binti yao, Emna. Bi Radhia, mama wa kijana, alikuwa ameinua kijiko cha kwanza pale kikohozi kiliporudi, na nyuma yake ikaja harufu ya yai bovu, ile ya kiwanda cha mbolea anakofanya kazi Lazhar, ambayo mji mzima umeizoea lakini hakuna anayetaka kuikuta kwenye sahani yake.

"Mna mgonjwa?" akanong'ona.

"Bomba tu hilo," Lazhar akasema.

"Mama," likasema karo, "naungua."

Wageni hawakungoja chai. Emna akajifungia chumbani akilia. Lazhar, ambaye hata msibani hakosi utani, alibaki ameinama, akiokota punje za kuskusi mezani.

Alasiri hiyo Mongia alimleta Bi Sasiya, mganga, na ubani wake. Mama huyo alitega sikio karoni, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Mtoto huyu ametoka baharini. Kazini unafanya nini, Lazhar?"

"Nafungua koki ya taka. Tope la moto, linakwenda baharini."

"Na huwa unawaambia wapishe?"



"Mimi sufuria moja naomba ruhusa," Mongia akasema polepole. "Wewe, mto mzima?"

"Kesho waambie," Bi Sasiya akasema. "Wakipisha, huyu atanyamaza. Bi Radhia niachie mimi."

Asubuhi Lazhar alisimama juu ya mfereji, akatazama huku na huku wenzake wasimwone, akashika koki, na kwa sauti ya mtu anayekopa akasema, "Bismillahi. Pisheni, nafungua," na povu likatulia, na kutoka chini yake zikapanda sauti nyingi, za vikongwe na za watoto wachanga, zisizo na hasira hata kidogo, kama familia iliyogongewa mlango na kuambiwa ihame sasa hivi:

"Twende wapi?"

Akatazama. Kulia bandari. Kushoto mitende iliyopauka. Mbele, maji meupe mpaka macho yalipokoma.

"Lazhar! Umelala?" msimamizi akafoka. "Fungua!"

Akafungua.

Jioni Mongia alimpokea mlangoni, akitabasamu. Karo lilikuwa kimya tangu asubuhi, na Bi Radhia ametuma salamu, watarudi Jumapili.

"Kumbe uliwaambia! Wamepisha?"

"Wamepisha," Lazhar akasema, akalipita karo bila kulitazama, akaenda kunawa mikono nje.