Mrumi wa Saa Tano

Olfa alikuwa ameshakunywa vikombe saba vya kahawa chungu, na bado Abu Raji, mwenye duka la mazulia, alikuwa anammiminia.

"Dada, tikisa kikombe!" kijana mmoja, Muhannad, akamwambia huku akicheka. "Usipotikisa, huyu mzee atamimina mpaka kesho."

Duka lilikuwa katikati ya Amman, hatua chache kutoka ukumbi wa maonyesho wa kale wa Warumi, honi za teksi zikiingia mpaka ndani. Olfa, mwalimu wa historia kutoka Sfax, Tunisia, alikuwa matembezini kwa wiki mbili. Akatikisa kikombe, uso umemwiva.

"Na nikikiweka chini bila kunywa?"

"Hapo una haja. Mwenyeji atakuuliza haja gani. Akikubali, atakwambia: kunywa kahawa yako. Hata mke tunaomba hivyo."

Olfa akatazama viatu vya kijana yule, vimejaa vumbi jeupe la mawe. "Wewe unafukua mambo ya kale?"

Jamani, Muhannad angesema hapana tu! Lakini macho ya Olfa yalikuwa yameshamwangalia kwa heshima, na heshima hakuizoea. Akaitikia kwa kichwa. "Jerash, kwenye magofu ya Warumi," akasema, na hilo la Jerash lilikuwa kweli.

Basi yakaanza. Mchana walikula kunafa, kitamu cha jibini na shira, wamesimama barabarani, jioni simu.

"Profesa wangu, umefukua nini leo?"

"Kigae, roho yangu. Kina picha ya ndege."

"Muongo wewe! Jana pia ndege."

"Ndege wa jana alikuwa na mkia."

Olfa alicheka, kisha akampigia mama yake Sfax: mtaalamu, mama, tena mpole! Muhannad naye kila akikata simu alijiona mdogo. Kesho nitamwambia, alijiapiza, na kesho ikifika alifukua kigae kingine.

Siku mbili kabla ya safari ya kurudi, Olfa akapiga. "Kundi letu la watalii linakuja Jerash kesho. Nitakuona kazini!"

"Kesho? Mimi... nimetumwa Aqaba."

Hakutumwa popote. Kila siku saa tano asubuhi, mbele ya watalii, Muhannad alivaa kisketi chekundu na kofia ya bati, akapigana kama askari wa Kirumi, akafa. Asubuhi ile alichomwa upanga wa mbao kama kawaida, akaanguka mchangani. Alipofumbua jicho moja, aliona gauni la kijani, mstari wa mbele.

Olfa alisimama. "Profesa!" akapaza sauti, akicheka. "Leo umefukua nini?"

Uwanja mzima ulicheka. Maiti wenzake waliinuka, wakainama kuaga, wakaondoka. Yeye alibaki amelala, mchanga mdomoni, akitamani kweli awe amekufa.

"Inuka bwana," mwenzake akamvuta. "Umeshakufa vya kutosha."

Ndani ya basi, Olfa hakucheka. Alikasirika mpaka nusu ya njia, kisha hasira ikageuka. Amemcheka mtu akiwa chini, kazini kwake, mbele za watu. Na mama ameshawatangazia majirani. Hakujua aibu ipi ni yake na ipi ni ya Muhannad. Simu kumi na moja za Muhannad hakupokea.

Siku ya safari alipita kwa Abu Raji kuaga, kama alivyomwahidi. Ndipo makelele yakasikika nje.

"Ewe Mrumi, wenzako walishaondoka!"

"Kaka, huo mguu mzuri, wa nani?"

Muhannad akaingia na kisketi chake, kofia ya bati kwapani, jasho likimtiririka. Alikuwa ametembea hivyo kutoka kituo cha mabasi, akipita katikati ya soko. Abu Raji akammiminia. Kijana akakiweka kikombe chini.

"Una haja gani, mwanangu?"

"Haja yangu iko kwake, mzee." Hakuweza kuinua macho. "Olfa, mimi sifukui kitu. Mimi kazi yangu kufa. Kila siku saa tano, Ijumaa mara mbili. Nimekudanganya na naona haya. Ukinikubali, nikubali hivi hivi."

Olfa alikitazama kile kikombe. Kahawa ikaacha kutoa moshi.

"Nilikucheka uko chini," akasema mwishowe. "Mimi pia naona haya. Na mama nitamwambia mwenyewe, leo leo, kwamba mkwe wake anavaa sketi."

"Mkwe?"

"Kunywa kahawa yako, Muhannad."

Akainywa yote, akasahau kutikisa kikombe. Abu Raji akammiminia kingine.